Maswali ya Wasomaji: Pikapu ya Mmarekani au ya Mjapani, Ipi Haimwangushi Mwenyewe?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti, yaani kama pikapu za chapa za Marekani zinaweza kuaminika sawasawa na za Wajapani. Tumechagua barua tano. Wanaoziandika wanaishi katika nchi tano zenye barabara, mafuta na mafundi tofauti, na ndiyo sababu majibu yetu hayafanani.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa viazi mviringo. Nimejikusanya hadi nikapata fedha za kununua pikapu ya milango minne iliyokwisha kutumika, na nimeonyeshwa mbili. Ya kwanza ni Toyota Hilux ya mwaka 2012 yenye injini ya D-4D ya lita 3.0. Ya pili ni Ford Ranger ya mwaka 2014 yenye injini ya dizeli ya lita 3.2. Bei zinalingana, ila Ranger imetembea kilomita chache na ndani inapendeza zaidi. Shemeji yangu aliyeko Houston ananisisitizia kwamba Mjapani hajui kutengeneza pikapu ya kazi na kwamba huko kwao Ford ndiyo inayoongoza. Mafundi wa hapa wanasema nikinunua Ford nitaiegesha nyumbani. Nimsikilize nani? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Shemeji yako hasemi uongo, lakini gari analolisema silo uliloonyeshwa. Ni kweli kwamba pikapu za Ford za F-Series zimeongoza kwa mauzo Marekani tangu mwaka 1977. Mtu wa Texas akitaja Ford ana maana ya F-150 au wakubwa zake: gari pana, la usukani wa kushoto, mara nyingi la petroli, lililoundwa kwa barabara kuu na kuvuta matela. Ranger ya mwaka 2014 ilisanifiwa Australia kwa ajili ya masoko mengine ya dunia, na wakati huo haikuwa ikiuzwa Marekani hata kidogo. Kiwanda cha Silverton, karibu na Pretoria, ndicho kinachounda nyingi ya Ranger za kusini na mashariki mwa Afrika, na injini zake za dizeli zimekuwa zikitoka Struandale, kule Gqeberha. Hilux nayo huundwa Prospecton, Durban, pamoja na Thailand. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba magari yote mawili unayoyapigia hesabu yalitoka Afrika Kusini, na bendera ya Marekani au ya Japani haitakusaidia kuamua.

Kinachoweza kukusaidia ni kuzijua injini mbili hizo na kumjua fundi utakayemkabidhi.

Kwa nguvu, Ranger inashinda bila ubishi. Injini yake ya silinda tano ina msokoto wa Nm 470, wakati ile ya Hilux ina Nm 343, na kwenye miinuko ya kwenu tofauti hiyo utaihisi mara tu utakapopakia. Lakini injini hiyo ina tabia moja ambayo imeziua nyingi bila kosa la dereva. Pampu yake ya oili ikikaa tupu kwa muda mrefu hushindwa kuvuta tena, na mtengenezaji mwenyewe aliwaagiza mafundi wake kwamba oili chafu ikishamwagwa, kizibo kirudishwe na oili mpya imiminwe katika muda wa kama dakika 10. Sasa fikiria desturi ya gereji zetu. Gari linapandishwa juu ya shimo, kizibo kinafunguliwa, fundi anakwenda kunywa chai, na pengine gari linalala hivyo hadi asubuhi ili uchafu wote ushuke. Kwa injini za zamani za Toyota huo ulikuwa uangalifu wa kusifiwa. Kwa Ranger ya 3.2 ni hukumu ya kifo: asubuhi anamimina oili mpya, anawasha, taa nyekundu ya oili haizimiki, na kabla hajafikia swichi injini imeshanoki. Mtaani litaenea neno kwamba Ford ni mbovu, na hakuna atakayekumbuka ile chai.

Udhaifu wake wa pili uko kwenye kipoozeo cha moshi unaorudishwa ndani ya injini, kile kinachoitwa kwa Kiingereza EGR cooler. Kikipata ufa hunywa maji ya rejeta polepole pasipo tone kuonekana chini, na mwenye gari huendelea kuongeza maji hadi siku injini inapochemka na silinda hedi kupinda. Ukienda kuikagua Ranger hiyo, uliza kama imeshawahi kuongezwa maji, kisha usitosheke na jibu la mdomo. Fungua kifuniko cha chupa ya maji injini ikiwa imepoa na utazame kiwango, endesha kwa saa nzima ukiwa na mzigo, iache ipoe, kisha utazame tena.

Wala usidhani Hilux haina ugonjwa. Injini yake, ambayo mafundi huijua kwa jina la 1KD, ina washa ndogo za shaba chini ya nozeli. Washa hizo zikichoka, moshi wa mwako hupenya na kuingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kwa masizi, na masizi hayo huziba jali, yaani wavu, ya chujio inayonyonya oili chini kabisa kwenye sampu, lile bakuli la oili. Hapo injini huanza kukosa oili wakati kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Fundi anayeijua kazi yake hataishia kuchungulia mdomo wa kumiminia oili. Atafungua sampu, ashushe chujio hilo na kuliweka juani ulione. Jali ikiwa safi, umepata gari. Ikiwa imegandamana weusi, mwenye gari ama apunguze bei ya kutosha kufanyia matengenezo, ama abaki nalo. Injini hizo zimejulikana pia kwa kupasua pistoni, hasa nozeli zikianza kumwaga mafuta kupita kiasi, kwa hiyo mlio mkali wakati wa kuwasha asubuhi usiupuuze hata kama muuzaji ataapa kwamba dizeli zote hulia hivyo.

Baada ya hayo yote, sisi tungechukua Hilux. Sababu yetu haihusu ubora wa chuma. Mafundi wako wa Njombe hawaichukii Ford. Wanachokuambia kwa lugha yao ni kwamba hawaijui, na mashine ya kusomea hitilafu zake hawana. Injini ya 1KD wameshaifungua mara nyingi, na kipuri chake kikikosekana Njombe mjini kitapandishwa basi kutoka maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kikufikie kesho yake. Gari likisimama wakati viazi vimeshang'olewa, siku tatu za kusubiri kipuri ni hasara kubwa kuliko tofauti yoyote ya nguvu. Umaarufu huo una gharama yake, kwa sababu kipuri kinachotafutwa na wengi ndicho kinachoghushiwa na wengi. Chujio la oili na la dizeli la Toyota ni miongoni mwa bidhaa ambazo hatungenunua kwa mtu tusiyemjua, hata boksi likiwa na nembo inayong'aa. Ungekuwa unaishi karibu na wakala wa Ford, na Ranger hiyo ikawa na kumbukumbu kamili za huduma, tungekujibu vingine.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa umetaja viazi. Pikapu ya milango minne, iwe ya chapa gani, imekusudiwa kubeba kama tani moja, abiria wakiwemo. Hakuna mhandisi wa Kijapani wala wa Kimarekani aliyeiwekea hesabu lumbesa. Lala chini ya magari yote mawili uitazame chasisi pale bodi ya nyuma inapokutana na kibini. Ukikuta imechomelewa vyuma vya kuitia nguvu, au nafasi kati ya kibini na bodi ni pana juu kuliko chini, gari hilo limeshapindishwa na viazi vya mwenzako.

SWALI: Mhariri, marehemu baba alitumia pikapu ya Isuzu kwa miaka mingi na siku zote aliiita gari la General Motors. Mimi nina D-Max, na jamaa yangu ananicheka kwamba nasifia Wajapani huku naendesha gari la Mmarekani. Ukweli ni upi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Marehemu baba yako alikuwa na haki ya kuiita hivyo, kwa kuwa kiwanda kilichoziunganisha Isuzu nyingi za Kenya, kile cha Barabara ya Mombasa, kwa miaka mingi kilikuwa chini ya General Motors. Mwaka 2017 Wamarekani hao waliiuzia Isuzu hisa zao za asilimia 57.7, na kampuni ikabadilishwa jina kuwa Isuzu East Africa. Hata hivyo, mwenye kiwanda ni mmoja na aliyesanifu injini ni mwingine. Injini, giaboksi na chasisi ya gari la baba yako vilichorwa Japani. Mmarekani alileta mtaji na mtandao wa mauzo, na Wakenya ndio waliofunga nati.

Mchanganyiko huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1972 Wamarekani waliotaka pikapu ndogo walienda kununua Chevrolet LUV na Ford Courier, na ukifunua boneti ya LUV ulikuta kazi ya Isuzu, ya Courier ukakuta ya Mazda. Baadaye Ford na Mazda waliendelea kushirikiana hivi kwamba Ranger na Mazda BT-50 zilikuwa mtu na dada yake, hadi mwaka 2020 BT-50 ilipohama na kuwa pacha wa D-Max yako. Mwambie jamaa yako asome chapa iliyoko kwenye injini kabla ya kucheka.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mkenya ninayeishi Minneapolis. Nina biashara ndogo ya kutunza bustani wakati wa joto na kuondoa theluji kwenye maegesho wakati wa baridi. Nataka pikapu itakayovuta tela na kusukuma theluji. Ninazozitazama ni Toyota Tundra ya 2022, Chevrolet Silverado ya 2022 yenye injini ya V8 ya lita 6.2, na Ford F-150. Kila ninayemuuliza kanisani ananiambia nichukue Toyota kwa sababu Toyota haifi. Nanyi mnasemaje? (Msomaji, Minnesota)

JIBU: Wewe ndiye uliyeko pale ubishi huu ulipozaliwa, na kwako tutatoa jibu ambalo huenda halitawapendeza wenzako wa kanisani.

Sifa ya Tundra ilijengwa na gari lililotangulia hilo unalolitazama. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2021 Tundra ilikuwa na injini ya V8 ya lita 5.7 isiyo na tabo, na ni gari la V8 la mwaka 2007 ambalo mwenyewe, mtu wa Louisiana, alilifikisha maili milioni moja mwaka 2016, Toyota wakalichukua kulifungua na kulichunguza wakampa jipya. Mwaka 2022 Toyota iliachana na V8 hiyo ikaleta V6 ya lita 3.4 yenye tabo mbili. Miaka miwili baadaye iliyaita kwa matengenezo magari kama 102,000 ya Tundra na Lexus LX ya mwaka 2022 na 2023, kwa sababu chembe za chuma zilizobaki ndani ya injini wakati wa kuchongwa kiwandani zinaweza kuharibu beringi za krenki na kuizima injini barabarani. Jina lilibaki lilelile, injini ikawa nyingine, na wanaosema haifi bado wanaisifia ile ya zamani.

Usikimbilie Silverado kwa sababu hiyo. Mwezi Aprili 2025 General Motors iliyaita magari karibu 600,000 ya mwaka 2021 hadi 2024 yenye injini hiyohiyo ya lita 6.2 unayoitaja, kwa hitilafu za krenki na za fimbo zinazoiunganisha na pistoni. Injini zilizoshindwa kipimo zilibadilishwa. Zilizofaulu ziliwekewa oili nzito zaidi, ya 0W-40, zikapewa kifuniko kipya cha oili na chujio jipya, zikarudishwa kwa wenyewe. Huenda tiba hiyo inatosha, lakini fedha zingekuwa zetu tusingezitia kwenye injini iliyotibiwa kwa kubadilishiwa oili peke yake. Kwa gari lolote utakalolifikiria, chukua namba yake ya chasisi uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani. Ni bure, na utaona kama kuna wito ambao haujatekelezwa.

Chumvi ya barabara za Minnesota nayo haijali mtengenezaji, na hapa historia ya Wajapani si nzuri. Chasisi za Toyota Tacoma za mwaka 1995 hadi 2000 zilioza kiasi kwamba mwaka 2008 kampuni ilianza kuyanunua tena magari yaliyotoboka, kwa bei ya mara moja na nusu ya thamani yake sokoni. Mwaka 2016 ilikubali kumaliza kesi nyingine kuhusu kutu ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia, makubaliano yaliyohusu magari kama milioni 1.5 na yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kwa hiyo ukienda kutazama Tundra ya zamani, beba tochi na nyundo ndogo. Ingia chini, gonga chasisi taratibu kuanzia mbele kurudi nyuma, na ukae zaidi juu ya ekseli ya nyuma na pale tairi la akiba linaponing'inia, maana huko ndiko matope yenye chumvi hujificha. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholika hutoa sauti butu na magamba huanguka usoni. Rangi nyeusi iliyopakwa juzi chini ya gari la miaka kumi ni sababu ya kugonga zaidi.

Kuna pia zile orodha za uimara ambazo kila chapa huzitangaza inaposhinda. J.D. Power, kwa mfano, huwauliza wenye magari yaliyofikisha miaka mitatu matatizo waliyoyapata, na tatizo la simu kutounganika na redio huhesabiwa kama tatizo moja, sawa na la giaboksi. Kwa mtu anayetaka gari la miaka kumi na mbili hesabu hiyo haisemi mengi. Hata hadithi za maili milioni hazikuhusu wewe. Mbali na ile Tundra, kuna Silverado ya mwaka 1991 ya Wisconsin iliyofikisha idadi hiyo mwaka 2008, na wenye magari yote mawili walikuwa wakisambaza mizigo kwa safari ndefu za barabara kuu, injini ikiwa na moto sawasawa kwa saa nyingi. Kusukuma theluji ni kinyume chake: injini huwashwa kwenye baridi kali, gari huenda mbele mita ishirini na kurudi nyuma, giaboksi hubadilishwa mara mamia kwa usiku mmoja, na mbele linaning'inia jembe la chuma linalolemea springi na bolijointi.

Kwa kazi hiyo hatungechukua yoyote kati ya tatu ulizozitaja. Tungetafuta pikapu ya daraja linalofuata, yaani Ford F-250, Silverado 2500 au Ram 2500, na katika daraja hilo Toyota haina gari inalouza Marekani, wala Honda. Mjapani hajashindwa hapo, hajaingia uwanjani. Sababu moja ni ushuru wa asilimia 25 ambao Marekani iliziwekea pikapu zinazotoka nje tangu mwaka 1964, ikilipiza kisasi kwa Wazungu wa Ulaya waliokuwa wameweka ushuru kwenye kuku wa Kimarekani. Ugomvi wa kuku ulikwisha, ushuru wa pikapu ukabaki, na Wamarekani wakapata miongo kadhaa ya kulitawala soko la magari makubwa bila bughudha. Ndiyo maana Tundra yenyewe huundwa San Antonio, Texas.

F-250 yenye V8 ya petroli ya lita 6.2 ya muongo uliopita ndiyo tungeitafuta kwanza, kwa kuwa haina tabo, ni ya kawaida, na fundi yeyote wa Minnesota anaijua. Ukikutana na F-250 ya dizeli ya lita 6.0 ya mwaka 2003 hadi 2007 kwa bei ya kutupa, muulize muuzaji kuhusu gasketi ya hedi na vipoozeo vya oili na vya EGR, kisha mwagane kwa amani. Na ukiamua kuacha kazi ya theluji ukabaki na tela la nyasi peke yake, Tundra ya 5.7 yenye chasisi safi ni gari ambalo tungelinunua leo, likifuatiwa na F-150 yenye V8 ya lita 5.0.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimefanya kazi Muscat muda mrefu na sasa nataka kurudi Unguja moja kwa moja. Nina pikapu ya Kimarekani, GMC Sierra, ambayo haijawahi kunisumbua. Je, nije nayo? (Msomaji, Oman)

JIBU: Marahaba. Tunakushauri uiuze hukohuko. Hatuna shaka kwamba haijakusumbua: Oman ina barabara laini, petroli ya uhakika, na vipuri vya magari ya Kimarekani vinapatikana katika Ghuba yote. Unguja utaendesha upande wa kushoto wa barabara huku umekaa ukingoni, na kila unapotaka kulipita gari jingine itakubidi uitoe nusu ya pikapu barabarani ndipo uone kinachokuja. Sierra ni pana mno kwa njia za mji, injini yake itahesabiwa kila utakapofika kituo cha mafuta, na sensa moja ikifa utaiagiza kutoka hukohuko ulikotoka. Usibadilishe wazo ukasema utaleta Land Cruiser au Hilux ya Oman badala yake, kwani nayo ina usukani wa kushoto na itakupa tabu ileile barabarani. Ndugu zetu walioko Kenya wakumbuke kwamba kwao gari la binafsi la usukani wa kushoto halisajiliwi kabisa.

SWALI: Ndugu Mhariri, huku Katanga kila kampuni ya mgodi na kila shirika la misaada linatumia Land Cruiser ya pikapu. Sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo magari ya Marekani yangeweza kutumika bila shida. Je, wanapendelea Toyota kwa uimara wa kweli au ni mazoea tu? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Ni vyote viwili, na mazoea yenyewe yamejengeka juu ya uimara. Land Cruiser ya namna hiyo, ile iitwayo 79, ipo tangu mwaka 1999 katika familia iliyoanza mwaka 1984. Injini yake inayopendwa zaidi, 1HZ ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, ilianza mwaka 1990. Haina tabo, pampu yake ya dizeli haiongozwi na kompyuta, na nguvu zake ni ndogo kwa ukubwa wake, jambo linalomaanisha kwamba haijikamui. Uimara huo umelipiwa kwa vitu vingine: ni nzito kupanda mlima, inakunywa, viti vyake vinachosha, na usalama wa abiria wake katika ajali hauwezi kulinganishwa na wa F-150 ya leo. Mtu anayeendesha kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa kwenye lami, bila kuingia porini, tungemwambia wazi kwamba hailazimiki.

Mashirika yanatazama jambo jingine pia. Mwenye magari mia moja katika nchi kadhaa hutaka yote yatumie chujio moja, springi za namna moja na fundi mwenye mafunzo ya aina moja, na ipo kampuni huko Gibraltar, Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuyauzia mashirika ya misaada na ya Umoja wa Mataifa magari ya Toyota yaliyokwisha kuandaliwa kwa safari za namna hiyo. Watengenezaji wa Marekani, waliokuwa na soko kubwa na tajiri nyumbani kwao, hawakujenga mtandao kama huo katika nchi zetu. Pikapu ya Ram yenye dizeli ya Cummins ya lita 5.9, injini ambayo Wamarekani huisifia kwa haki tangu mwaka 1989, ingeweza kuimudu kazi ya Kolwezi. Ikikatika kipuri, nani atakuuzia siku hiyohiyo?

Ukitaka kununua 79 iliyostaafu mgodini, usitazame kilomita peke yake, kwa sababu magari ya migodi hukaa saa nyingi injini ikiwaka bila kutembea. Tazama pia taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Wengi hawajui kwamba 1HZ, pamoja na sifa zake zote, inaendesha vali zake kwa mkanda wa taiming unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hupigana na pistoni. Taa hiyo ikiwaka, au ikiwa haiwaki hata ufunguo unapogeuzwa mara ya kwanza, omba risiti ya mkanda. Isipokuwepo, kata kwenye bei gharama ya mkanda, roleri yake na pampu ya maji kabla hamjapeana mikono.